Vita vya tiketi ndivyo uchaguzi wetu wa kweli, tusiwaachie wakubwa

Kila chama chenye serikali kinapoanza kugombana chenyewe kwa chenyewe, swali linalozuka barazani huwa ni lile lile: hawa wana nini tena? Kiti wanacho, magari wanayo, bendera zinapepea. Kwa nini wasitulie wakafanya kazi? Nimelisikia swali hilo Likoni, nimelisikia Kisauni na Changamwe, na majibu yake mara nyingi huishia kwenye majina ya watu. Fulani hampendi fulani. Fulani amemgeuka aliyemlea. Leo nataka tuyaweke majina kando kidogo, tutazame jambo lenyewe linavyofanya kazi, kisha tuyarudishe majina mahali pake.

Jambo lenyewe ni hili. Mahali penye chama kimoja chenye nguvu kuliko vyote, uchaguzi wa kweli si ule wa Agosti. Ni ule unaotangulia, wa nani atapewa tiketi. Na sisi wa ng'ambo ya kisiwa, ambao ndio wenye kura nyingi, katika uchaguzi huo wa kwanza huwa hatuna sauti inayolingana na wingi wetu.

Tuhesabu kwanza. Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge sita. Mvita pekee ndiyo iko kisiwani. Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu yako nje ya kisiwa. Kati ya wadi 30 za kaunti, 25 ni zetu. Hakuna mtu anayeweza kuwa gavana wa Mombasa bila kuvuka Nyali, Makupa au kivuko cha Likoni kuja kutuomba. Lakini anapofika kwetu, mara nyingi uamuzi mkubwa umeshapita. Anakuja na tiketi mkononi, na sisi tunaombwa kupiga muhuri.

Na hapa, nikisema chama tawala, nakusudia ODM. Ndicho kilichoshika ugavana wa Mombasa tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013: Hassan Joho kwa vipindi viwili, kisha Abdulswamad Nassir kuanzia 2022.

Kwa nini hasimu mkali huwa wa nyumbani

Watu hudhani chama kikiwa na nguvu, ugomvi hupungua. Ni kinyume chake. Thamani ya tiketi hutegemea uwezekano wa kushinda nayo. Tiketi ya chama kidogo hupewa yeyote anayeiomba, na saa nyingine hubembelezwa aichukue. Tiketi ya chama kinachoshinda kila mara ni mali. Kila mwenye ndoto ya kiti huhamia kwenye chama hicho hicho, na mlango ni mmoja.

Ndiyo maana mwanasiasa wa chama tawala hamwogopi sana yule wa chama kingine anayemtukana jukwaani. Anamwogopa yule aliyekaa kiti cha pili upande wake wa kulia, aliyevaa fulana ya rangi ile ile. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wakati nahodha na msaidizi wake wanavutana usukani, abiria ndio wanaolowa.

Hili halikuanza na ODM. Mwaka 1966 KANU ilikuwa chama tawala na Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais wa chama na wa nchi. Katika mkutano wa Limuru, Machi mwaka huo, wapinzani wake hawakumshinda kwa hoja. Waliubadilisha muundo wa cheo: nafasi moja ya makamu wa rais wa chama ikagawanywa ikawa nane. Odinga akajikuta nje, akajiuzulu, akaingia KPU na wabunge kadhaa wakamfuata. Bunge likapitisha haraka sheria kwamba mbunge anayehama chama lazima arudi kwa wapiga kura, ukafanyika uchaguzi mdogo Juni 1966. Kanuni hiyo iko nasi hadi leo. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 bado kinampokonya kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni. Ugomvi wa chumba kimoja cha chama ulizaa sheria inayowafunga wabunge wa nchi nzima, karibu miaka 60 baadaye.

Kisha ukaja mlolongo wa 1988, ambao wazee wetu hawajausahau. KANU ilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Katika mchujo wake wanachama walipanga foleni nyuma ya wawaniaji, na mwaniaji aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa ameshapita, bila kura ya siri baadaye. Huo ndio mfano ulio wazi kabisa wa ninachosema. Mchujo ulimeza uchaguzi. Leo hakuna sheria kama hiyo, lakini penye chama chenye nguvu kupita kiasi, matokeo yanaweza kufanana bila sheria yoyote.

Mombasa ilivyojifunza na chungwa

ODM yenyewe ilizaliwa katika kampeni ya kura ya maoni ya Novemba 2005, chungwa dhidi ya ndizi. Mwaka 2007 iligawanyika kabla hata ya kuingia serikalini, Kalonzo Musyoka akabaki na ODM-Kenya. Tarehe 1 Septemba 2007 wajumbe walikutana Kasarani kumchagua mwaniaji wa urais. Waliosimama ni Raila Odinga, Musalia Mudavadi, William Ruto na Joseph Nyagah; Najib Balala, wakati huo mbunge wetu wa Mvita, alikuwa ameshajiondoa na kumuunga mkono Raila. Raila alishinda, Balala akawa mmoja wa vinara wa chama na baadaye waziri wa utalii.

Uhusiano huo haukudumu. Mwaka 2012 Balala alitoka kwenye baraza la mawaziri na kwenye ODM, akaanzisha chama chake, Republican Congress, akaingia muungano wa Jubilee. Mwaka 2013 aliwania useneta wa Mombasa na kushindwa na Hassan Omar wa Wiper. Lakini hakubaki nje. Serikali mpya ya Nairobi ilimteua waziri.

Suleiman Shahbal alipita njia nyingine. Aliwania ugavana dhidi ya Joho mara mbili, 2013 kwa tiketi ya Wiper na 2017 kwa Jubilee, na mara zote alishindwa. Baadaye akafanya hesabu ambayo mwanasiasa yeyote angeifanya: kama mlango ni mmoja, bora nisimame mlangoni. Akajiunga na ODM, akaitaka tiketi ya 2022 dhidi ya Abdulswamad Nassir, mbunge wa Mvita. Kwa miezi kadhaa mji ulikuwa na kambi mbili, na huku kwetu vijana wa maskani walishagawanyika. Aprili 2022, baada ya mazungumzo na Raila Odinga, Shahbal alitangaza kumuachia Nassir. Novemba mwaka huo bunge la Kenya likamchagua Shahbal kuwa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha, kwa upande wa ODM. Kura hiyo hiyo ilimpeleka Arusha pia Hassan Omar, aliyeshindwa na Nassir kwenye ugavana, kwa upande wa UDA.

Simlaumu yeyote kati yao. Siasa ni kazi ya kupatana, na kuachiana kwa amani ni bora kuliko mawe. Ninachotaka tuone ni mpangilio wake. Mkubwa akishindwa kwenye vita vya chama, kuna mkeka wa kumdaka: uwaziri, Arusha, ubalozi, bodi ya shirika. Kijana wa Mtongwe aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya kambi hana mkeka. Mama wa Bamburi aliyepanga kina mama wenzake nyuma ya mwaniaji aliyeondoka hana mkeka. Wakubwa wakipatana, wao ndio wanaobaki na uadui.

Kura za mwisho zilikuwa ngapi

Uchaguzi wa gavana wa Mombasa uliahirishwa ukafanyika Agosti 29, 2022, wiki tatu baada ya uchaguzi mkuu. Nassir alipata kura 119,083. Hassan Omar alipata 98,105. Kaunti ilikuwa na wapiga kura 641,913 walioandikishwa.

Zitazameni nambari hizo polepole. Gavana wetu alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya kila watano walioandikishwa. Ukizijumlisha kura zake na za mpinzani wake mkuu unapata 217,188, kama theluthi moja tu ya daftari. Haki isemwe: kuahirishwa kulipunguza watu, wengi walikuwa wameshapiga kura mara moja na hawakutaka kupanga foleni tena. Lakini nadhani kuna sababu nyingine pia. Mtu anayeamini kwamba jambo limeshaamuliwa kwingine haoni kwa nini apoteze siku ya kibarua.

Hapo ndipo ugomvi wa chama unapotugusa. Unahamisha uamuzi kutoka kwa watu laki sita na kitu kwenda kwa watu wachache, na baadaye hao laki sita huacha kujitokeza.

Uingereza nako

Msidhani ni sisi pekee. Uingereza, nchi ambayo bunge letu limerithi mengi kutoka kwake, ilipata mawaziri wakuu watatu katika mwaka mmoja wa 2022, wote wa chama kimoja cha Conservative, bila uchaguzi mkuu hata mmoja katikati. Kule wananchi hawamchagui waziri mkuu moja kwa moja. Anayeongoza chama chenye wabunge wengi ndiye anayepewa serikali. Kwa hiyo mwenye kumng'oa kiongozi wa chama amemng'oa kiongozi wa nchi.

Julai 2022 Boris Johnson alitangaza kujiuzulu baada ya mawaziri wake wengi kumkimbia kwa siku chache. Wabunge wa chama wakapunguza wawaniaji hadi wawili, kisha wanachama wa kawaida wakapiga kura. Liz Truss alipata 81,326, Rishi Sunak 60,399. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 ikapata kiongozi kwa kura zisizofika hata zile alizopata Nassir Mombasa. Truss alidumu siku 49. Oktoba chama kikaweka sharti kwamba mwaniaji lazima aungwe mkono na wabunge 100, Sunak pekee akatimiza, akapita bila kupingwa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, hata katika vurugu ile kanuni ilijulikana: nani anapiga kura, sharti ni wabunge wangapi, matokeo ni lini. Mwanachama aliyekaa kijijini aliweza kusema, mimi nilipiga kura na nambari ni hizi. La pili, wananchi walikuwa wakihesabu. Chama hicho kilichoshinda viti 365 mwaka 2019 kilibaki na viti 121 Julai 2024. Ugomvi wa ndani si sababu pekee ya anguko hilo, lakini ulikuwa mmojawapo wa mizigo yake. Wapiga kura walisubiri zamu yao ikafika.

Mwamuzi amekwenda

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hali ya leo si ile ya 2022. Agosti 2024 Joho aliapishwa kuwa waziri wa madini na uchumi wa buluu katika serikali ya Rais Ruto, akaacha nafasi ya naibu kiongozi wa ODM. Nassir akawa mmoja wa waliojaza nafasi hizo. Machi 2025 ODM na UDA zilitia saini makubaliano ya kushirikiana. Hassan Omar naye akawa katibu mkuu wa UDA. Kisha tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga akafariki dunia nchini India, na kaka yake, Seneta Oburu Odinga wa Siaya, akashika uongozi wa chama.

Ukiviweka vipande hivyo pamoja utaona shida. Gavana wetu ni naibu kiongozi wa chama kimoja. Aliyeshindana naye 2022 ni katibu mkuu wa chama kingine. Aliyemtangulia kwenye ugavana ni waziri katika serikali inayoviunganisha vyama hivyo. Vyama hivyo vikiamua kwenda pamoja 2027, nani atamuachia nani Mombasa? Vikiamua kutengana, nani atafuata upande upi? Haya si maswali ya Mombasa pekee, na hakuna anayehakikisha kwamba yatajibiwa Mombasa. Tiketi ya hapa inaweza kuwa kipande cha kubadilishana katika mazungumzo ya Nairobi, pamoja na tiketi za kaunti nyingine.

Zamani mvutano kama huo ulikuwa na mwamuzi. Mlimwona 2022: wawili waligombana, mzee akawaita, mmoja akaacha. Watu walimtii Raila kwa sababu ya jina lake, historia yake na kura zake. Lakini utaratibu unaotegemea mtu mmoja hufa naye. Chama kilichozoea kumaliza kesi kwa simu ya mzee sasa kinalazimika kutumia kanuni, na kanuni ambazo hazikuzoeleka huwa ngumu kufuatwa siku ya joto.

Tunapoteza nini wakigombana

Kaunti ndiyo inayosimamia maji yetu ya mifereji, hospitali ya Likoni na ile ya Port Reitz kule Changamwe, shule za chekechea, masoko na taka zinazopelekwa Mwakirunge. Mwenye jukumu la kuisimamia serikali ya kaunti ni bunge la kaunti, yaani wawakilishi wadi. Sasa jiulize: mwakilishi wadi wa chama tawala, ambaye tiketi yake ijayo inategemea chama ambacho gavana ni mkubwa wake, atauliza maswali magumu kuhusu dawa zisizofika hospitalini? Baadhi watauliza, na tuwaheshimu. Wengi watapima. Na wakati kuna kambi mbili, hata swali la haki hugeuka kuwa silaha. Ukiuliza kuhusu maji ya Likoni, unaambiwa umetumwa na upande wa pili. Maji yenyewe hayajibiwi.

Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote kwa maoni yangu. Kelele zinaonekana, lakini kilicho kibaya zaidi ni ukimya unaozizunguka, watu wazima wakiogopa kusema jambo la kweli kwa sababu litahesabiwa ni la kambi.

Sheria inatupa nini

Hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 91 cha Katiba kinataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia na kifanye uchaguzi wa ndani wa mara kwa mara, huru na wa haki. Sheria ya Vyama vya Siasa, hasa baada ya marekebisho ya 2022, inatambua mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama walioandikishwa hupiga kura, na ule usio wa moja kwa moja, kwa mfano kupitia wajumbe. Migogoro ya ndani hupelekwa kwanza kwenye vyombo vya chama, kisha kwenye Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa. Na kifungu cha 85 kinamruhusu mtu kuwania bila chama, mradi hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ndiyo sababu anayechelewa mno kutoka chama akisubiri wakubwa wapatane hujikuta hana pa kwenda.

Angalieni neno linalorudi humo: mwanachama. Mchujo ukiwa wa moja kwa moja, daftari la wanachama ndilo daftari la wapiga kura. Ukiwa wa wajumbe, wajumbe hutoka kwenye uchaguzi wa matawi, kuanzia mashinani. Mikutano hiyo ya matawi ndiyo midogo kuliko yote, haina muziki wala helikopta, na ndiyo tunayoidharau. Wachache wakijitokeza, wachache ndio wanaotuchagulia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani yuko kambi gani, wa Kisauni aulize tawi la wadi yake lina viongozi gani na walichaguliwa lini. Wa Likoni ahakikishe kwa Msajili wa Vyama kama jina lake limo kwenye chama anachodhani ni chake, au limeingizwa kwenye kingine bila yeye kujua. Wa Changamwe anayetaka chama kingine, au asiyetaka chochote, ajue tarehe zake mapema. Na anayekuja kwetu kutafuta uungwaji mkono ajibu swali moja mbele za watu: tiketi ya Mombasa itaamuliwa kwa njia gani, na nani watapiga kura hiyo? Asiyeweza kulijibu sasa, msimbebee bendera.

Wakubwa watagombana, kisha watapatana. Hilo halina shaka, na wakipatana kila mmoja atapata mahali pa kukaa. Wadi 25 za ng'ambo zikiwa hazimo kwenye daftari siku hiyo, tutasikia matokeo redioni kama watu wa kaunti nyingine.